Ramani iko, ofisi ya kuipokea haiko: wasomi wa satelaiti na ardhi inayotembea Kivu

Mwaka wa 2022, jarida la kisayansi Nature Geoscience lilitoa utafiti juu ya kilima kimoja ambacho wakaaji wa Bukavu hawahitaji jarida ili wakijue: Funu, upande wa Kadutu. Watafiti walichukua picha zilizopigwa kwa ndege tangu wakati wa Wabelgiji, wakazilinganisha na vipimo vya satelaiti vya miaka hii. Ni karibu miaka 70 ya maisha ya mteremko mmoja. Walichokikuta ni kwamba udongo unateremka polepole, na sehemu zile zimejaa nyumba zimeongeza mwendo kuliko zamani.

Mama anayeishi pale anajua hivyo kwa njia yake. Mlango uliokuwa unafungika mwaka jana, leo unagoma. Bomba la maji linakatika mahali pale pale lilipotengenezwa. Ukuta unapasuka, unapigwa simenti, unapasuka tena. Kile utafiti unaongeza ni sababu. Maji ya paa, ya njia na ya bomba zinazovuja yanaingia ndani ya udongo. Mteremko unakatwa ili mtu apate uwanja wa kujenga. Ardhi iliyokuwa inatembea pole inapata haraka. Basi hatari ya Funu haikuletwa yote na mvua. Sehemu yake imetengenezwa na mikono ya watu, parseli kwa parseli.

Kwenye orodha ya waandishi wa utafiti ule, kando ya watafiti wa Ubelgiji kama Antoine Dille na Olivier Dewitte, muna majina ya kwetu: Guy Ilombe Mawe, Toussaint Mugaruka Bibentyo, Gloire Ganza Bamulezi. Miaka 3 baadaye, mwaka wa 2025, jina la Ilombe Mawe lilikuwa la kwanza kabisa kwenye utafiti mwingine, safari hii ndani ya Nature, moja ya majarida makubwa ya sayansi duniani. Kazi hiyo ilihesabu makorongo yanayokata miji yetu, yale watu wanaita erozio: 2,922 katika miji 26 ya Kongo, na urefu wao wote pamoja ni karibu kilomita 740. Kati ya 2004 na 2023 makorongo hayo yalifukuza watu karibu 118,600 kwenye makao yao. Mwaka wa 2023, watu milioni 3.2 walikuwa wanaishi mahali ambapo makorongo yanaweza kufika.

Wengi wa miji hiyo iko Kinshasa, Kasai na Bandundu ya zamani, kwenye udongo wa mchanga. Udongo wa Bukavu ni wa aina nyingine, na hatari yake pia ni ya namna nyingine. Lakini mzizi ni mmoja: njia bila mitaro, paa bila mifereji, kila mtu anamwaga maji yake kwa jirani wa chini.

Kwa msomi mwenyewe, kufika pale ni kilele cha kazi. Swali linalobaki kwa wakaaji ni lingine. Akisha kufika huko juu, neno lake lina uzito gani mbele ya shefu wa kartie, mbele ya burugumesta, mbele ya fundi wa kadastri anayekuja na mita kupima uwanja? Mpaka leo uzito ni mdogo. Na si kwa sababu wakubwa wa mji hawana akili, wala kwa sababu wasomi wanaficha kazi yao. Sababu ziko mbili, na zote zinaonekana ukifuata namna mtu anakuwa msomi wa mambo haya.

Masomo ya miaka 15, na malipo yanapimwa kwa makala

Kijana anaanza kwenye fakilte ya jeolojia, ya jiografia, ya mazingira au ya kilimo. Kwenye masomo yake atakutana na kitu kinachoitwa SIG: ni programu ya kompyuta inayopanga ramani juu ya ramani, kama makaratasi ya kuona ndani. Karatasi moja ina mito, nyingine njia, nyingine nyumba, nyingine mteremko. Ukiziweka pamoja, unaona mahali ambapo nyumba, mteremko mkali na maji vinakutana. Baadaye anajifunza kusoma picha za satelaiti.

Hapa kuna jambo zuri ambalo halisemwi vya kutosha. Picha nyingi kati ya hizo ni za bure. Wamarekani walifungua picha zote za Landsat bila malipo mwaka wa 2008. Ulaya ilirusha Sentinel-1 mwaka wa 2014 na kutoa picha zake bure kwa kila mtu. Sentinel-1 ina faida kubwa kwetu sababu ni rada: inaona usiku na inapita ndani ya mawingu. Nani asiyejua mawingu ya Kivu? Picha ya kawaida ya milima ya Kalehe au Masisi mara nyingi inaonyesha pamba nyeupe tu. Rada inarudi juu ya mahali pale pale kila siku 12, na ukilinganisha safari mbili unaweza kuona ardhi iliyosogea kwa sentimita chache. Kwa hiyo asista wa Bukavu na profesa wa Brussels wako mbele ya picha moja. Tofauti ni intaneti ya kuipakua, umeme wa kuendesha kompyuta usiku mzima, na mshahara wa mwezi ule.

Baada ya lisansi, kijana anapata kazi ya usaidizi kwenye chuo kikuu. Kila mtu anayejua nyumba ya msomi Kongo anajua kinachofuata: miaka ya kungoja kuingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Leta, migomo, masaa ya kufundisha chuo hiki na kile ili nyumba ile. Doktora yenyewe, kwa elimu hii, mara nyingi inapitia Ubelgiji: mradi wa pamoja, kitita cha masomo, miezi kadhaa huku na miezi kadhaa kule. Jumba la makumbusho ya Afrika la Tervuren limekuwa mlango mkubwa, sababu lina watafiti wa hatari za ardhi na pia lina picha na ramani za zamani za nchi yetu. Hilo lina uchungu wake, lakini ni kweli: ili kujua Funu ilikuwa namna gani zamani, mtu wa Bukavu anatafuta picha iliyohifadhiwa karibu na Brussels.

Sasa, namna gani msomi huyo anapanda cheo? Asista anakuwa shefu wa kazi, anakuwa profesa, kwa kutoa makala kwenye majarida yanayoheshimiwa. Majarida hayo ni ya Kiingereza. Hakuna kikao cha chuo kinachouliza: ramani yako imezuia nyumba ngapi kujengwa kwenye mteremko mbaya? Ni komine gani inaitumia? Mfadhili naye anahesabu makala na wanafunzi walioshinda doktora. Miaka 4 inaisha, mradi unafungwa, ripoti inaenda. Kama msomi atatumia wiki 3 kuandika karatasi 2 za Kiswahili kwa mashefu wa kartie za Kadutu, hizo wiki 3 hazitaonekana popote kwenye karatasi za kupandishwa cheo. Atakayezitumia atakuwa amefanya kwa moyo wake. Wako wanaofanya hivyo, na wastahili sifa, lakini mji hauwezi kulindwa kwa moyo wa watu wachache.

Kalehe: utafiti ulitoka, mvua ikafuata

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilipiga milima ya Kalehe. Maji, tope na mawe vilishuka juu ya Nyamukubi na Bushushu. Zaidi ya watu 400 walihesabiwa wamekufa, na wengi sana hawakuonekana tena. Hakuna mkaaji wa Kivu ya Kusini anayehitaji kukumbushwa zile siku.

Mwanzoni mwa mwaka ule ule, Jean-Claude Maki Mateso, mtafiti wa kituo cha Lwiro, pamoja na wenzake, walikuwa wametoa utafiti juu ya maporomoko ya udongo upande wa magharibi wa ziwa Kivu. Walikuwa wamehesabu maporomoko 2,730, kwa kutumia picha za satelaiti, picha za ndege za miaka ya 1950 na safari nyingi za miguu milimani. Walitenga yale makubwa ya zamani, ambayo asili yenyewe imeyafanya, na yale madogo ya miaka ya karibu, ambayo yanafuata ukataji wa miti, barabara na machimbo.

Iwe wazi: utafiti ule haukusema kwamba tarehe 4 mwezi wa tano Nyamukubi itafunikwa. Hakuna satelaiti inayotabiri hivyo, na mtu anayewaambia wakaaji kinyume anawadanganya. Kile elimu hii inaweza kusema ni mahali gani mlima umechoka na kwa sababu gani. Utafiti mwingine wa 2021, ulioongozwa na Mbelgiji Arthur Depicker, ulionyesha kwamba ukikata msitu wa mteremko katika eneo letu, maporomoko yanaongezeka kwa muda wa karibu miaka 15 kabla ya kupungua. Miaka 15! Yaani aliyekata mti au kuchoma makala anaweza kuwa amehama zamani, na mtoto aliyezaliwa baada yake ndiye anapata tope. Hiyo ni habari ambayo shefu wa gurupema angeweza kuitumia leo: kuangalia ni wapi msitu umeondoka tangu 2010 na kukataza makao mapya chini ya pale. Picha za kuonyesha hivyo ziko, na ni za bure.

Mlima wa moto una kamanda, msitu una amri, mteremko hauna mwenyewe

Hapa tunafika kwenye sababu ya pili, na pengine ndiyo kubwa. Ramani inapata nguvu paka mahali ambapo sheria au dharura imeiandalia kiti. Mifano 2 ya kwetu inaonyesha hivyo.

Wa kwanza ni Nyiragongo. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava ilitoka bila onyo. Watafiti wa OVG ya Goma na wenzao wa nje waliandika baadaye ndani ya Nature kwamba mlima ule haukuwa umetoa dalili za kawaida kabla ya kupasuka. Wakati ule watu walilalamika sana juu ya kituo kilichokuwa kimepita miezi bila intaneti baada ya msaada wa nje kusimama, na malalamiko yalikuwa ya haki, hata kama intaneti peke yake isingetosha kuona kilichokuja. Lakini siku zilizofuata, rada za satelaiti na vipimo vya mitetemeko vilionyesha kwamba magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji mpaka chini ya ziwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartie 10 za Goma zihamishwe. Mamia ya maelfu ya watu walienda Sake, Minova, Rutshuru, Rwanda. Watu waliteseka njiani, tena vibaya. Hata hivyo, kwa jambo tunalochunguza hapa: kipimo cha mtafiti kilitoka kwenye kompyuta kikawa amri ya mkubwa kwa muda wa siku tu. Kulikuwa na kituo kinachojulikana, mkubwa mmoja wa kupokea habari, na woga wa kila mtu.

Wa pili ni msitu. Kodi ya misitu ya 2002 ilisema kwamba jamii za wenyeji zinaweza kupewa msitu wao. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 ikaeleza namna gani: mpaka hektari 50,000, bila kununua, bila kikomo cha miaka. Na ndani ya makaratasi yanayoombwa, ramani ni lazima. Kwa hiyo huko Walikale na kwingineko, wazee walitembea na vijana wenye GPS kwenye mipaka ya ukoo: mto huu, kilima kile, makaburi ya mababu. Waliita majirani wakubaliane mahali pa mpaka. Ramani ile ikapita ofisini na kurudi na sahihi ya gavana. Si kwamba mambo yote ya misitu ya jamii ni mazuri. Magomvi ya mipaka yako, na wajanja wa mbao na machimbo wako pia. Lakini angalia: pale, fundi wa ramani hakuhitaji kubembeleza mtu. Sheria ilikuwa inamngoja.

Sasa rudi Funu. Ni karatasi gani ya mji inayoomba ramani ya mteremko kabla ya kutoa parseli? Mnunuzi anapata karatasi kwa shefu wa avenyi au wa kartie, kadastri inapima mipaka, mkuu wa vyeti vya ardhi anatoa cheti, urbanizimu inatoa ruhusa ya kujenga kwa wale wanaoiomba. Kila mmoja anaangalia urefu, upana, jina na malipo. Swali la kama uwanja wenyewe unatembea halina mstari kwenye fomu. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Leta, lakini kwenye mteremko wa Kadutu Leta imegawanyika katika ofisi 5 au 6, na kila ofisi inakula kwenye kila karatasi inayotolewa. Ofisi itakayosema "hapa hapajengwi" itakuwa imejinyima mapato, na jirani yake ataruhusu kesho yake. Ndiyo maana ramani ya mtafiti, hata ikipelekwa kwa mkono na kupokewa kwa makofi kwenye warsha, inaishia kwenye kabati.

Linganisha tena na madini. Leta ina kadastri maalumu ya machimbo, na ramani za vibali vyake zinaonekana kwenye intaneti. Mtu akiwa Goma anaweza kuona ni kampuni gani ina kibali juu ya kilima gani cha Maniema. Ule mpango ulijengwa kwa sababu wawekezaji waliutaka na kwa sababu kuna feza. Ramani ya hatari ya ardhi haina mwekezaji.

Mtu wa GPS hapokelewi kila mahali kwa furaha

Kuna jambo ambalo wasomi wenyewe wanalijua vizuri lakini linaandikwa kidogo. Kwa wakaaji wengi wa Kivu, mtu anayepita na GPS na kuandika ni mtu wa kuogopwa. Woga huo una historia. Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975. Mstari ulichorwa kwenye ramani, na Batwa waliokuwa wanaishi ndani walijikuta wahalifu kwenye msitu wa babu zao. Mwaka wa 2024, Tume ya Afrika ya haki za binadamu ilitangaza uamuzi wake kwamba Kongo ilivunja haki za watu hao. Karibu miaka 50 baada ya mstari kuchorwa.

Basi mtafiti anapofika Funu na kusema "eneo hili ni hatari", mwenye nyumba anasikia kitu kingine: parseli yangu itakosa bei, mkubwa fulani atanifukuza, kisha miaka 2 baadaye kutasimama pale ghorofa ya mwingine. Hawezi kulaumiwa kwa kufikiri hivyo. Kwenye miji yetu ameona "eneo la hatari" likigeuka eneo la matajiri. Na kama kweli atahama, ataenda wapi? Bukavu imefungwa kati ya ziwa, Ruzizi na milima. Watu walijaa kwenye miteremko hiyo kwa sababu vita viliwatoa Shabunda, Kalehe, Walungu, na mteremko ndio ulikuwa mahali penye bei wanayoweza. Sensa ya mwisho ya nchi ilifanywa mwaka wa 1984. Mtafiti anayetaka kujua watu wangapi wako chini ya hatari analazimika kuhesabu paa kwenye picha na kupita nyumba kwa nyumba akiuliza.

Kwa hiyo kazi ya msomi huyu ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni hesabu za rada, na hiyo vijana wetu wameimudu kufikia kiwango cha dunia. Nusu ya pili ni kukaa na watu, kueleza tofauti kati ya kuhama wote na kutengeneza mtaro, kati ya ukuta unaoweza kuokolewa na ule usiookoka. Fakilte inafundisha ya kwanza. Ya pili mtu anajifunza akifukuzwa kwenye parseli za watu.

Vita vimeongeza fundo

Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Kwa elimu hii matokeo ni ya moja kwa moja. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na vituo vinavyotegemea mishahara na sahihi za Kinshasa vimejikuta kati ya serikali moja inayolipa na utawala mwingine unaosimamia mji. Kupita na GPS au droni mbele ya watu wenye silaha ni kujitafutia mashaka. Safari za Kalehe na Masisi, zile zinazothibitisha kama picha imesema kweli, zimekuwa za kubahatisha.

Na bado satelaiti haikusimama. Inapita juu ya Bukavu bila kuuliza nani anatawala. Hapo ndipo pana kishawishi kibaya: kazi yote ifanyike mbali, kwenye ofisi za Ulaya, na Mkongomani abaki mtu wa kutuma picha za simu na jina lake liwekwe mwishoni mwa orodha. Ikitokea hivyo, tutakuwa tumerudi nyuma kuliko mwaka wa 2022. Maana yule anayejua kwamba alama nyeupe kwenye picha ni shamba la mihogo na si poromoko, au kwamba kisima fulani kilikauka mwaka ule ardhi ilipopasuka, ni mtu wa pale.

Upande wa Uganda, kwenye milima ya Rwenzori, kuna mfano wa karibu. Tangu 2017, wakaaji waliochaguliwa kwenye vijiji wanaandika kwa simu kila poromoko na kila mafuriko: mahali, siku, hasara. Chuo kikuu kinahakikisha, na wilaya inapata habari. Ule mfumo hauhitaji mashini kubwa. Mashefu wa kartie na wajumbe wa vyama vya raia wa Bukavu, Uvira au Butembo wangeweza kuuendesha, kama chuo kikiamua kwamba kazi hiyo inahesabika kwenye cheo cha mwalimu anayeisimamia.

Na hiyo ni amri ambayo chuo chenyewe kinaweza kutoa, bila kungoja Kinshasa wala mfadhili: kila tezi juu ya ardhi ya komine fulani iachwe pia kwenye ofisi ya komine ile, na muhtasari wa Kiswahili wa karatasi 2, na ramani kubwa ya ukutani yenye majina ya avenyi jinsi watu wanavyoyaita. Mstari mmoja kwenye fomu ya urbanizimu, "mteremko umeangaliwa: ndiyo au hapana", unaweza kuongezwa kwa uamuzi wa mji. Makosa yatakuwepo, na wajanja watatafuta kuununua huo mstari kama wanavyonunua mingine. Lakini mpaka sasa hawana hata haja ya kuununua, sababu haupo.

Vipimo vya Funu vilivyotoka 2022 viliishia kwenye picha za miaka iliyotangulia. Tangu hapo mvua zimepiga misimu kadhaa, na nyumba zimeongezeka. Kufanya upya hesabu ile kunahitaji kompyuta moja nzuri, intaneti ya kuaminika na mtu aliyesoma. Wa mwisho tayari yuko, tena zaidi ya mmoja.